Jungu la Jumatano

Nilimwogopa yule mama kuliko nilivyomwogopa padri, na padri wetu wa wakati ule hakuwa mtu wa mchezo. Sote tulimwita Mhudumu, basi. Jina lake la ubatizo nalijua ila sitalitaja, maana hata mwenyewe hakulipenda. Alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji chetu huku juu Uluguru, wa kujitolea, hapati kitu zaidi ya fulana na mkoba wa mgongoni, na kazi yake ilikuwa kupima watoto na kutuambia sisi mama zao yale tusiyotaka kuambiwa.

Ukisikia kikohozi chake kule bondeni, ujue umebaki na muda wa kufagia uani tu. Alikohoa makusudi. "Nawapa nafasi mfiche mnachotaka kuficha," alisema, "halafu nije nione mmeficha nini." Akifika unampa shikamoo, anaitika marahaba huku mkono umeshafika kwenye sufuria yako, anafunua. Ruhusa hakuomba hata siku moja. Mara ya kwanza kufunua yangu alikuta ugali na maji ya chumvi, na nyuma yangu mlima mzima umejaa kabichi. Akaifunika tena taratibu.

"Kabichi za nani zile?"

"Za gari, Mama."

"Na huyu mtoto ni wa nani?"

 Mtoto wangu wa kwanza alikuwa amekaa pale chini anatuangalia, shingo nyembamba, tumbo mbele.

Hapo ndipo penye shida yenyewe, kwa hiyo nieleze vizuri. Huku kwetu tunalima mboga. Kabichi, karoti, spinachi, nyanya, vyote vinakubali. Mashamba yako mteremkoni, tumeyakata ngazi ngazi, na kila ngazi ni ya gari. Gari linapanda Jumanne na Ijumaa, linashusha mzigo mjini Morogoro, na mwingine unapitiliza stendi ya Msamvu mpaka Dar. Sisi tuliolima tunabaki na ugali. Na hata tukitamani, mboga za gari hatuzigusi, maana zinapigwa dawa mpaka zinang'aa. Za kula zilikuwa majani ya maboga na kamchicha nyuma ya jiko, kabustani ambako kuku wakiingia asubuhi, mchana hamna kitu. Mhudumu alikuwa na neno lake moja juu ya hilo, alilisema kila mahali, msibani, kanisani, kwenye pombe: "Pelekeni tu mboga mjini. Mjini hawatawarudishia mtoto."

Neno hilo lilinichoma kwa sababu mie nilikuwa nimeshazika mtoto, yule wa pili. Alinyong'onyea tu, kidogo kidogo, wala hakuugua ugonjwa wenye jina. Kwa hiyo Stela alipozaliwa, tena mdogo, nilianza kuishi kwa hofu. Nilikuwa naiogopa Jumatano, siku ya kupima. Naogopa ile mizani ya kuning'iniza iliyofungwa kwenye boriti ya banda la kanisa, na zaidi naogopa utepe. Mhudumu alikuwa na utepe wa kupima mkono wa mtoto, hapa katikati ya bega na kiwiko, una rangi tatu. Kijani, nenda nyumbani ukapike. Njano, kaa chonjo. Nyekundu, hospitali, tena sasa hivi. Alipokuwa anauzungusha kwenye mkono wa Stela, mie nilifumba macho. Sisemi uongo. Nilifumba mpaka nimsikie anasema rangi.

Sikuwa peke yangu katika kuogopa, ila wenzangu walikuwa na akili zao. Kulikuwa na waliowanywesha watoto maji asubuhi, kikombe juu ya kikombe, ili mizani ishuke vizuri. Mhudumu aliwabonyeza watoto tumbo na kuuliza, "Huyu ni mtoto au mtungi?" Jirani yangu Mama Deo alikwenda mbali zaidi. Deo wake alikuwa kwenye njano miezi yote. Jumatano moja akamwacha nyumbani, akaazima mtoto wa dada yake, mnene, wa umri ule ule, akaja naye mgongoni na kadi ya Deo mkononi. Mhudumu akamning'iniza yule mtoto, akamtazama mdomoni.

"Mama Deo, hongera. Deo ameota meno manne tangu Jumatano iliyopita."

Banda zima likacheka, Mama Deo naye akacheka, halafu akalia. Alipomaliza kupima wa mwisho Mhudumu alibeba mkoba wake, akamfuata Mama Deo mpaka kwake, akampakata Deo mwenyewe, akapika uji wa karanga na kukaa pale mpaka jua linaelekea mlimani. Mie niliwaona kutoka uani kwangu. Alikuwa anamlisha Deo kwa kidole, na mama yake amekaa pembeni.

Aliwahi kuniambia methali anayoipenda kuliko zote: mficha maradhi kifo humuumbua. Aliisema bila huruma. Lakini na yeye alikuwa na vya kwake vya kuficha. Alituhubiria mayai, mjamzito ale yai, mtoto ale yai, na akina bibi wakaguna, maana zamani huku mwanamke mwenye mimba hakula yai, mtoto angezaliwa kipara. Basi Jumatano akamenya yai mbele yetu, akalitafuna lote, akafuta midomo. "Mmeniona? Nina nywele." Dakika chache baadaye nilizunguka nyuma ya banda kutafuta kuni, nikamkuta ameinama anatapika. Alikulia kwenye mwiko ule, mwili ulikuwa haujakubali. Akaniangalia kwa jicho moja, akasema, "Wewe hujaona kitu, Mama Stela." Na Jumatano iliyofuata akala jingine.

Alikuwa pia mtu mwoga, jambo ambalo wengi hawakulijua. Mtoto akilala mgongoni kwa mama yake, Mhudumu atamwamsha. Watoto walimchukia kwa hilo. Ataweka kidole chini ya pua, ataminya unyayo, mpaka mtoto alie, ndipo apumue. Nilimuuliza siku moja kwa nini anawasumbua. "Nyie mnaona wamelala," akasema. "Mie naona wanaondoka." Tangu siku hiyo na mimi nikaanza kumwamsha Stela.

Wanaume aliwamudu kwa namna yake. Alitaka kila nyumba itoe ngazi moja ya shamba iwe ya kula, isipigwe dawa, isiguswe na gari. Wanaume wakakataa kwenye kikao, wakasema hasara. Akasimama. Sisi Waluguru ardhi ni ya ukoo wa mama, mwanamume anaoa na kulima kwa wakwe, wote wanajua, ila hakuna anayependa kukumbushwa hadharani.

"Nyie wote hapa mnalima kwa wakwe," akasema. "Nionyesheni mkwe gani anawanyima wenye shamba mboga, nimjue leo."

Wakacheka, wengine kwa aibu, na ngazi zikatoka. Hizo ndizo zilizolisha jungu. Kila Jumatano baada ya kupima tulipika pamoja pale bandani, kila mama na alichonacho: huyu maharage, huyu karanga, huyu dagaa, huyu parachichi, huyu majani ya maboga. Mhudumu mwenyewe alikuja na mboga za kuokota porini, mnavu na mchunga, alizijua kama padri anavyojua sala zake. Tukapika, watoto wakala, na tukarudi nyumbani tukapika hivyo hivyo. Deo akafika kijani. Stela akafika kijani. Nilifumbua macho Jumatano hiyo, nikaona rangi mwenyewe.

Sasa niseme la jungu lenyewe, ambalo ndilo linalonifanya niandike.

Ilikuwa mwaka wa mvua nyingi. Ngazi yetu ya kula iliporomoka, udongo ukaenda wote bondeni, na mume wangu akasema ataitengeneza, akawa anasema tu. Jumatano ikafika sina kitu. Kwenda mkono mtupu niliona aibu, Mhudumu angenitazama. Mume wangu alikuwa ameshuka mjini na mzigo. Nikakumbuka aliniambia ngazi ya juu ya spinachi haijapigwa dawa muda mrefu, wiki mbili na zaidi. Nikapanda, nikachuma fungu, nikaliosha mferejini mara tatu. Mara tatu, kwa hiyo moyoni nilikuwa na wasiwasi, nisijidanganye. Nikalipeleka.

Jungu limeshaiva, watoto wameanza kupakuliwa, nikakumbuka kikombe cha Stela nimekisahau. Nikakimbia nyumbani. Mferejini nikamkuta shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, anasuuza bomba la dawa.

"Shemeji," akasema, "ile ngazi ya juu msiiguse. Jana jioni nimeipiga, viwavi vimezidi."

Nakumbuka niligeuka, nikawa nashuka kwa kushika majani. Kichwani nawahesabu walioko bandani. Deo. Zuhura. Kulwa na Doto. Wajukuu wa katekista. Stela wangu alikuwa amepakatwa na Mhudumu, analishwa na mkono wake.

Nilipofika nikamnong'oneza Mhudumu sikioni. Sikumaliza hata sentensi. Aliingiza kidole mdomoni mwa Stela akatoa kilichokuwemo, akainuka, akalipiga jungu teke. Likamwagika mpaka mlangoni.

"Acheni kula. Watoeni watoto chakula vinywani, waosheni midomo na mikono. Nimekosea mimi. Nimechuma majani mabaya porini. Twendeni zahanati, wote, sasa."

Niseme nini juu ya njia ile ya kushuka kwenye zahanati ya misheni. Kila mama amembeba wake. Mie nilikuwa namwangalia Stela macho na mate, macho na mate. Deo alitapika njiani mara mbili, na Mama Deo akawa anasema "Mungu wangu, Mungu wangu" kwa sauti ndogo, hakuacha mpaka tulipofika. Mhudumu aliingia kwanza, akafunga mlango, akamweleza sista ukweli. Hilo najua kwa sababu sista alitoka, akanivuta pembeni, akaniuliza ni dawa ya aina gani. Tulikaa pale mchana wote. Mhudumu alikuwa anapita kwenye kila mtoto, anaweka kidole puani, anaminya unyayo, anazunguka, anaanza tena. Watoto wote walirudi nyumbani wazima. Walikuwa wamekula kidogo, Mungu alitusitiri.

Nje ya zahanati nilimwambia nitasema. Akanishika mkono kwa nguvu.

"Utasema nini? Mumeo atakupiga, wenzako watakutenga, na una mtoto mdogo. Mie nimezeeka, watanifanya nini? Nyamaza."

Nikanyamaza. Kikao kikaitwa. Wakasema alitaka kuwaua watoto na majani yake, wakasema macho yamemwisha, wakasema mengine ya kichawi ambayo sitayarudia. Mama Deo ndiye aliyesema kwa uchungu zaidi, na alikuwa na haki. Mie nilikaa nyuma na Stela mgongoni. Mhudumu aliniangalia mara moja tu, haraka, kuhakikisha mdomo wangu umefungwa. Akawakabidhi mizani na utepe. Tukaahidiwa mhudumu mwingine, akaja mara chache, kisha hakuja. Yeye akashuka kwenda kwa binti yake Mikese, pale barabarani, ambaye anauza chakula kwa wasafiri.

Mwaka huu ndipo nilipokwenda kumwona. Nilisikia anaumwa miguu. Nilichuma spinachi na mchicha nyuma ya jiko, nikabeba na maharage, nikashuka. Nilikuwa naogopa kukutana naye kama vile nakwenda kupimwa mimi.

Nilimkuta anachambua mchele kwenye ungo, amepungua, sauti ile ile. Nikampa shikamoo. "Marahaba, Mama Stela. Umenenepa, unakula vya nani?" Nikacheka, nikaona mambo yatakuwa mepesi. Binti yake akazipika zile mboga, akatuwekea na ugali.

"Umezichuma wapi?" Mhudumu akauliza.

"Nyuma ya jiko, Mama. Kwa mkono wangu."

Akanawa. Akamega tonge, akachovya kwenye maharage. Akamega jingine, maharage. Mboga hakuzigusa. Nilijifanya sioni, nikawa nazila mimi, nyingi, nikitumaini ataniona. Huku anakula akaanza kuniuliza watoto, mmoja mmoja, kwa majina, kama anasoma daftari la Jumatano.

"Zuhura?"

"Hajambo, yuko shule."

"Kulwa na Doto?"

"Hawajambo."

"Wajukuu wa katekista?"

"Wamekua, Mama."

"Deo?"

Nilikuwa na tonge mdomoni. Alisubiri, halafu akaacha kusubiri, akaweka mkono chini.

"Lini?"

"Masika yaliyopita."

"Mkono ulisomaje?"

"Hakuna aliyepima, Mama."

"Mama yake alikuwa anampa nini?"

"Uji mweupe. Majani anayaogopa. Wote wanayaogopa, mchicha, mnavu, hata ya maboga. Wanasema majani ya jungu yana sumu. Ngazi za kula wamezirudisha kwenye gari."

Magari makubwa yalikuwa yanapita, yanatikisa bati. Nilimtazama nikiomba alie, hakulia. Akavuta bakuli la mboga karibu yake, akaziangalia.

"Mie najua ile sumu ilitoka wapi," akasema, "na bado mkono wangu umekataa hizi. Wao wasiojua watakulaje? Niliwaambia ni majani ya porini. Nilitaka kukuficha wewe, nikaificha na ile dawa ya shamba."

"Ni mimi, Mama."

"Ni sisi." Akasukuma ungo pembeni. "Ondoka sasa hivi. Magari ya Morogoro yapo."

"Nilitaka nilale, niondoke kesho. Mama, naogopa."

"Utaogopa ukiwa njiani."

Alinisindikiza mpaka barabarani na miguu ile ile mibovu, anaegemea bega langu. Nikamwambia nitakwenda kwa mwenyekiti, nitaomba kikao. Akatikisa kichwa.

"Kikao kina kelele, utajificha humo. Anzia kwa mama yake Deo. Mwambie ngazi, mwambie dawa, mwambie nani alichuma. Akikupiga, mwache akupige. Halafu mwambie na mie nakuja Jumatano, nitapanda hata kwa kutambaa."

Akasimamisha gari mwenyewe. Nilipanda, nikakaa dirishani. Mjini nikapata pikipiki ya kunipandisha, nikamwomba dereva aniache chini ya mlima, nimalizie kwa miguu. Nilitaka muda. Nilipopita nyumbani kwangu Stela akaniita, sikusimama.

Mama Deo alikuwa uani anaanua nguo. Mgongoni amembeba mdogo wake Deo, mtoto wa miezi, ambaye mie sijawahi kumtazama vizuri, nilikuwa nakwepa. Mkono wa mtoto ulikuwa umetokeza nje ya kanga, mwembamba, na kichwa kimelala upande. Nikasema hodi. Mama Deo akageuka, akatabasamu, akasema karibu. Nikaanza na ile ngazi ya juu.